Miguu ya Bwana Shiozaki

Kama uliwahi kutazama filamu ya Studio ya Senkawa iliyotengenezwa kati ya mwaka 1949 na 1985, basi umemsikia Shiozaki Kanjiro akitembea. Jina lake hulijui na uso wake hukuuona popote. Lakini yule mjane anayepanda ngazi za hekalu kwenye mvua alikuwa Shiozaki. Wale wapiga panga kumi na mmoja waliozingira nyumba ya chai walikuwa Shiozaki, mara kumi na moja. Hata farasi wao walikuwa yeye, kwa vibakuli viwili vya mbao.

Kazi yake ilikuwa kutia milio. Filamu ikishapigwa, sauti ndogo ndogo huwa zimepotea, au zimechafuliwa na kelele za kamera na wafanyakazi. Ndipo anaingia mtu kama yeye katika chumba kisicho na dirisha, anatazama picha ukutani, na kila mguu unaokanyaga kule, yeye anakanyaga huku. Bahari aliitoa kwa maharage mekundu aliyoyayumbisha kwenye ungo: shwaaa, shwaaa. Theluji ilikuwa mfuko wa unga wa viazi anaoubinya taratibu. Mfupa ukivunjika, ujue figili imevunjika. Alikuwa mfupi, na miguu yake midogo iliingia katika viatu vyote vya kike vilivyokuwa rafuni, kwa hiyo wanawake wa Senkawa, mabinti wa mabwana wakubwa, wauza pombe ya sake, watawa, wote walitembea kwa miguu yake.

Mimi naitwa Wakui. Nilikuwa mpiga chapa wa miswada pale studio, na ofisi yetu ilipakana na chumba chake. Miaka kumi na miwili nilipiga chapa huku nikimsikia, upande wa pili wa ukuta, akifukuzwa na majambazi.

Mkewe aliitwa Itsue. Alipokutana naye, Itsue alikuwa anakatisha tiketi katika jumba la sinema la Chofu. Shiozaki alikuwa na mazoea ya kwenda kusikiliza kazi yake mwenyewe pamoja na watu, akikaa kiti cha nyuma kabisa. Siku moja, anapokea tiketi, yule binti akamuuliza kupitia kidirisha:

"Samahani, wewe si mtu wa studio?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Una rangi ya kuta za maigizo kwenye kola. Sasa nisikilize. Waambie waigizaji wenu wa kike waende hospitali. Wote wanachechemea mguu wa kushoto."

Shiozaki aliniambia kwamba pale alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, goti la kushoto likapona vibaya, na tangu hapo mguu ule ulikuwa unachelewa. Unachelewa kidogo mno. Waongozaji hawakuwahi kugundua, wahariri hawakuwahi kugundua, na nchi nzima iliyolipia viti haikuwahi kugundua. Aligundua binti mmoja, ambaye filamu zenyewe alikuwa anazisikia kupitia mlango tu, maana hakuruhusiwa kuacha kidirisha.

Alirudi wiki iliyofuata. Akarudi tena na tena, hadi Itsue akamwambia, "Ukinunua tiketi nyingine ya filamu hii hii, namwita meneja." Walioana masika ya mwaka 1958. Watoto hawakujaliwa.

Itsue alipotimiza miaka arobaini, ugonjwa wa sukari ulianza kumla macho. Ulimla polepole, jicho moja, kisha la pili, na kufikia baridi ya mwaka 1979 alikuwa haoni kabisa. Hawakuacha kwenda sinema. Niliwahi kukaa safu ya nyuma yao. Itsue alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali, na mara kwa mara anamnong'oneza mumewe. Baada ya filamu nilimuuliza Shiozaki mkewe alikuwa anasema nini.

"Alisema, hapo ulikuwa na homa." Akacheka. "Na kweli nilikuwa nayo."

*

Wakati huo studio ilikuwa inanyauka. Watu walikuwa wanakaa nyumbani na televisheni zao. Majumba ya sinema yalifungwa moja baada ya jingine, yakageuzwa maduka ya samani. Mwanzoni mwa mwaka 1986 wakubwa wakaamua kwamba Senkawa nayo itatengeneza gemu za video. Watoto wa nchi nzima walikuwa wamekaa mbele ya zile mashine ndogo mpaka vidole vinaota sugu, na wakubwa wakauliza: je, si ni picha kwenye kioo? Na sisi si watu wa picha?

Tukapewa ghala la zamani la mavazi. Lilinuka dawa ya nondo, na kwenye kona kulikuwa bado na sanduku la nywele za bandia. Mkuu wetu alikuwa Bwana Kitazawa, aliyetolewa idara ya matangazo. Mimi niliingizwa kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi, nikapewa kazi ya kuingiza tarakimu na maneno kwenye mashine. Shiozaki aliletwa kwa sababu chumba cha milio kilikuwa kinapunguzwa watu. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Fundi wetu wa programu alitoka nje ya studio. Aliitwa Ebihara, ana miaka ishirini na sita, mrefu, anakula mkate wa maharage akiwa amesimama na hamtazami mtu machoni. Asubuhi ya kwanza alimkalisha Shiozaki mbele ya mashine.

"Mzee, tusipotezeane muda. Hii kitu ina sauti nne. Filimbi mbili, zumari moja nene, na kelele moja ya kufoka."

"Ya kufoka?"

Ebihara akabonyeza. Fssssss.

"Kama mtu anakaanga samaki," alisema Shiozaki.

"Ndiyo hiyo. Ndiyo mvua, ndiyo upepo, ndiyo bomu. Kila mtu anatumia hiyo hiyo."

"Na mtu akitaka kukaanga samaki wenyewe, anatumia nini?"

Ebihara aliacha kutafuna. Sidhani kama alikuwa ameulizwa swali la namna ile maishani mwake.

Gemu yetu iliambatana na filamu ambayo studio ilikuwa inaipiga mwaka huo huo, habari za tarishi wa zamani, mkimbiza barua, anayebeba waraka kutoka Edo hadi Kyoto huku anawindwa njia nzima. Filamu na gemu vitoke pamoja, mwisho wa mwaka. Mchezaji kazi yake kukimbia: kwenye vumbi, kwenye daraja la mbao, kwenye theluji ya mlimani, kwenye mto. Kukimbia tu, hatua juu ya hatua.

Shiozaki akaenda kuchukua trei zake za udongo na changarawe. Akavaa ndara za majani ya mpunga, akaanza kutembea katikati ya ghala huku Ebihara anamkodolea macho.

"Mzee, mashine haitaki udongo. Inataka namba."

"Najua. Wewe sikiliza kwanza. Mguu hauanzi na mlio, unaanza na kimya. Sikia. Hapa nauinua. Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndicho hicho. Kiweke."

Walianza hivyo. Wiki za kwanza zilikuwa za kuudhiana. Ebihara anabadilisha namba, mashine inafoka, Shiozaki anatikisa kichwa. "Huyo amekanyaga bati." "Huyo amevaa viatu vya polisi." "Huyo si mtu, ni pasi ya nguo." Nami nilikuwa kati yao, naandika kila namba kwenye karatasi ya miraba, nafuta, naandika tena. Kufikia mwezi wa sita walipata udongo mkavu: kelele ya kufoka iliyokatwa mapema kuliko sikio linavyotarajia, na zumari nene chini yake, fupi mno, kama kisigino. Ebihara alitoka nje. Alirudi na chupa tatu za soda, akaanza kumwita Shiozaki "mwalimu" badala ya "mzee".

Kikabaki kitu kimoja.

"Mguu wa kushoto uchelewe," alisema Shiozaki.

"Mwalimu, mashine haichelewi. Inapiga sawasawa. Ndiyo uzuri wake."

"Basi ifundishe."

"Kwa nini achechemee? Huyu ni tarishi, kijana, ana afya!"

Shiozaki alikung'uta udongo kwenye ndara zake. "Kuna mtu nyumbani," alisema, "anapenda kujua niko wapi."

Ebihara akaipa kazi hiyo siku nne nzima. Jumapili moja tukabeba mashine hadi nyumbani kwa Shiozaki, Komae. Itsue alitukaribisha na matikiti aliyoyakata mwenyewe kwa kupapasa, vipande vyote sawa. Alikuwa amekonda, miguu imevimba kwa sababu figo nazo zilikuwa zimeanza kugoma, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Aliposikia kwamba mgeni ana miaka ishirini na sita akasema, "Na bado hujaoa? Unasubiri mashine ijifungue?" Ebihara aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu.

Tukawasha. Nilimkimbiza tarishi kwenye vumbi. Itsue aliinamisha kichwa. Akasikiliza muda mrefu, kisha akacheka kwa sauti, akapiga magoti yake kwa viganja.

"Jamani! Huyu si wewe? Umevaa ndara za majani, na umechoka."

Shiozaki alikuwa ametazama bustani.

*

Mwezi wa kumi Itsue alilazwa. Siku hizo alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na moyo ulikuwa umechoka. Mumewe alitoka kazini saa kumi na moja kamili kila siku akaenda kukaa naye mpaka muda wa kuwaona wagonjwa uishe.

Mwezi huo huo Bwana Kitazawa alituita. Mwigizaji mkuu wa filamu, kupitia watu wake, alitaka uso wake uonekane gemu inapofunguliwa, uwe mkubwa, na usogeze midomo. Wakubwa wakataka na nembo ya studio izunguke. Sasa kaseti ya gemu ni kama sanduku la chakula cha mchana. Ukiongeza kipande cha samaki, lazima utoe kitu. Ebihara alipiga hesabu mara mbili, akaja kwetu amekunja uso.

"Nafasi haipo," alisema. "Lazima nitoe milio yote midogo. Daraja, theluji, mto. Na nyayo." Akajikaza kumtazama Shiozaki machoni. "Tunaweka muziki mwanzo hadi mwisho. Nimemwambia Mkuu kwamba ni upuuzi. Nimemwambia kwa maneno hayo hayo."

Shiozaki alikwenda kwa Bwana Kitazawa, nami nikamfuata kwa kisingizio cha kupeleka karatasi. Alisimama mbele ya meza ameshika kofia.

"Mkuu, nyayo ni nafasi ndogo sana. Acha hizo tu. Toa zote nyingine."

"Shiozaki, kaa."

"Nitasimama."

"Watoto hawachezi gemu kwa masikio. Wanacheza kwa macho na vidole. Unafikiri kuna mtoto hata mmoja atakayesema, mbona sisikii ndara?"

"Huenda yuko mmoja."

"Mmoja!" Bwana Kitazawa alivua miwani akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na siku hizo alikuwa anatumwa kama sisi. "Unafikiri mimi napenda? Huko juu wameniambia gemu hii isipouzika, ghala hili linarudi kuwa la nguo. Tafadhali, rudi ukapumzike. Umefanya kazi nzuri."

Ndivyo nyayo zilivyotolewa. Muziki ulioingia ulikuwa wa kuchangamsha, pirripi-pirripi, unaanza upya kila baada ya nusu dakika.

Shiozaki hakumwambia mkewe. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba amechelewa. Itsue alikuwa ameshawatangazia wodi nzima: mume wangu yumo ndani ya gemu, ikitoka mtaletewa msikilize. Walikuwa wanawake wanne katika chumba kile, na wote walikuwa wanahesabu siku pamoja naye.

Gemu ilitoka wiki moja kabla ya mwaka mpya. Siku ya pili yake, Shiozaki alikuja mezani kwangu, akaniinamia kama mtu anayeomba kazi.

"Dada Wakui, nina ombi la aibu. Twende wote hospitali mchana huu. Mimi hiyo gemu siiwezi, nafia kwenye daraja la kwanza."

Nilibeba mashine, yeye akabeba televisheni ndogo, na mgongoni alikuwa na furushi la kitambaa. Nilidhani ni nguo za mgonjwa.

Itsue alikuwa ameketishwa kwa mito. Mikono yake ilikuwa na alama za sindano kila mahali. Alimtambua mumewe tukiwa bado kwenye korido, akawaambia wenzake, "Haya, nyamazeni, amefika." Kitanda cha dirishani alikuwa Bi Hanawa, mama wa miaka sabini ambaye hakuna habari ya wodi ile iliyompita. "Hebu tusikie," alisema, "maana tumeahidiwa kama sherehe."

Nikaunganisha nyaya. Uso wa mwigizaji ukatokea, ukasogeza midomo. Nembo ikazunguka. Muziki ukaanza. Shiozaki akaninong'oneza, "Punguza sauti. Zaidi. Zaidi." Mpaka muziki ukabaki kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kisha akafungua furushi sakafuni. Ndani kulikuwa na trei ya udongo, ndara za majani, kipande cha ubao, mfuko wa unga. Akavua viatu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alihitaji mtu wa kumchezea. Miguu yake ilikuwa na kazi nyingine.

"Mkimbize," alisema kwa midomo tu.

Nikabonyeza. Tarishi kwenye kioo akaanza kukimbia, na Shiozaki, macho kwenye kioo, akaanza kukimbia pale pale alipo juu ya trei, mwepesi, mguu kwa mguu, bila kukosea hata hatua moja. Tarishi akiruka, yeye ananyamaza na kutua naye. Tulipofika darajani alihamia kwenye ubao bila kukatiza mwendo. Kwenye theluji aliushika mfuko wa unga kwa mikono miwili, akaubinya. Miaka thelathini na saba alifanya kazi ile gizani, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza watazamaji kumwona akiifanya.

Bi Hanawa alifungua mdomo kusema kitu. Akauziba kwa kiganja. Mwanamke wa kitanda cha pili alijigeuza ukutani, mabega yanatikisika. Muuguzi aliingia na toroli la dawa. Akasimama, akaitazama trei ya udongo kwenye sakafu yake safi, akamtazama Itsue. Akarudi nyuma na toroli lake, akauvuta mlango kwa uangalifu mkubwa.

Itsue alikuwa ameinamisha kichwa vile vile.

"Wameitengeneza vizuri," alisema. "Kama uko hapa hapa."

"Siku hizi… mashine… ni nzuri sana," alijibu Shiozaki.

"Mbona unahema?"

"Nilipanda ngazi. Lifti ilijaa."

Tuliendelea. Niliogopa kumwua tarishi, nikamkimbiza kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kitu chochote. Tukapita vumbi la pili, mlima wa pili. Jasho lilikuwa linamtiririka Shiozaki kutoka kidevuni, na lile goti lilikuwa linazidi kuchelewa. Kila mtu chumbani alilisikia sasa. Nilifikiria kumwangusha tarishi mtoni makusudi ili yaishe, lakini Itsue akaongea kabla yangu.

"Dada Wakui."

"Ndiyo, Bi Itsue."

"Mpumzishe kidogo huyo tarishi. Njia bado ndefu."

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Tarishi akasimama chini ya msonobari. Shiozaki naye akasimama, mguu mmoja hewani. Itsue alinyoosha mkono kuelekea upande aliokuwa mumewe, akaushikilia hivyo, na yeye akatoka kwenye trei akaja akaushika. Mpaka leo sijui kama Itsue alijua. Bi Hanawa alisema baadaye kwenye korido kwamba alijua tangu hatua ya kwanza. Mwenzake akasema hapana, alifurahi tu. Walibishana mpaka wakanuniana.

Itsue alifariki tarehe tisa ya mwezi wa kwanza, asubuhi, mumewe akiwa ndani ya treni anaelekea kwake.

*

Gemu haikuuzika. Watoto walisema ni nzuri dakika tano. Kiangazi kilichofuata Bwana Kitazawa alitukusanya, akainama mbele yetu kwa muda mrefu, akatwambia idara imefungwa. Mimi nilirudi kwenye miswada. Shiozaki hakuwa na pa kurudi. Chumba cha milio kilikuwa kimepewa mtu mwenye makabati ya kanda zilizorekodiwa tayari. Ukitaka hatua za mwanamke kwenye jiwe, unavuta kanda namba fulani. Walimpa Shiozaki kazi ya kukaa getini na kufungulia magari.

Ebihara alirudi siku moja ya mvua, bila kuitwa. Kwa miezi kadhaa, kwa muda wake mwenyewe, alikuwa ameitengeneza upya ile kaseti. Aliutoa uso wa mwigizaji, akaitoa nembo, akarudisha nyayo, na mguu wa kushoto unachelewa. Ilikuwa moja tu duniani. Aliishika kwa mikono miwili, akamkabidhi Shiozaki pale getini.

"Mwalimu, iko kama ulivyotaka."

Shiozaki aliitazama. Akaipokea kwa adabu, akaigeuza, kisha akairudisha mikononi mwa kijana.

"Asante sana, Ebihara. Kaa nayo wewe. Wa kusikiliza hayupo."

"Hata mara moja? Nimeleta na mashine, iko ndani ya gari."

"Kuna gari nyuma yako linataka kupita."

Nilimkuta Ebihara ndani ya gari lake, nje ya ukuta, ameweka paji la uso kwenye usukani. Niligonga kioo, hakufungua.

Mwaka 1988 Shiozaki aliacha kazi, akaenda kuishi na dada yake huko Shibata, kaskazini, kwenye theluji nyingi. Nilimwandikia kila mwaka mpya, naye alinijibu kwa kadi yenye mistari miwili: yu mzima, baridi kali. Mwaka 1997 kadi ilitoka kwa dada yake. Nilipanda treni nikawahi siku ya arobaini na tisa, ya kumalizia msiba.

Dada mtu, Bi Masuno, alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya shamba. Wageni walipoondoka alinibakiza, akanimiminia chai.

"Niambie wewe uliyefanya naye kazi. Kanjiro alikuwa anafanya nini huko studio? Sisi alituambia alikuwa anafagia."

Nikamweleza. Nilimweleza kuanzia mjane wa ngazi za hekalu hadi trei ya udongo kwenye wodi. Ilinichukua mchana karibu wote, na chai ikapoa. Alinisikiliza ameinamia meza, kidole chake kikifuata ufa wa ubao kwenda na kurudi.

"Miaka tisa alikula kwenye meza hii," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa namfokea. Wakati wa baridi alikuwa na tabia ya kufungua mlango akasimama kizingitini, dakika kumi, robo saa, anaingiza baridi. Nikimuuliza unafanya nini, ananiambia, theluji inataka kuanguka kutoka kwenye paa la jirani, ngoja niisikie. Nikadhani akili zinamtoka. Nikawa naufunga."

Akainuka kwenda kupasha chai upya, na alikaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.